Silali tangu mke wangu aniambie alichowahi kuwaza

"Nina miaka 41, nimeoa miaka kumi na miwili sasa, tuna watoto wawili. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tuliangalia Eyes Wide Shut ya Stanley Kubrick. Tulipofika pale mke anapomsimulia mumewe habari za yule ofisa wa jeshi la majini, nilicheka nikamwambia mke wangu, 'Mimi kwako sina wasi, wewe huwezi mambo hayo.' Akanyamaza. Filamu ilipoisha akaniambia kwamba miaka mitano iliyopita, alipokwenda semina ya kazi Morogoro, kulikuwa na mkufunzi aliyemvutia sana. Wiki nzima alikuwa anamfikiria, na siku moja aliwaza kwamba yule bwana angemwita, angekwenda. Anaapa hawakuwahi hata kuongea peke yao. Tangu siku hiyo silali. Nawaona wote wawili kichwani kama sinema. Namuuliza kila usiku, na kila siku napata jipya la kuuliza. Nimepekua simu yake mara tatu, sikukuta kitu, na hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Nimeanza kuchati na dada mmoja niliyesoma naye, nakiri ni kwa hasira. Rafiki zangu wanasema filamu ile inasema ukweli, kila mke ana mtu wake moyoni. Je, huyu si amekwisha kuzini? Nifanye nini?"

Kaka, kuna sentensi moja kwenye barua yako ambayo nadhani uliiandika ukapita: "Wewe huwezi mambo hayo." Nitairudia, maana naona mambo yote yalianzia hapo.

Kwanza nikuambie nilivyokuelewa. Hukufumania. Hukukuta ujumbe wala hukuletewa umbea na jirani. Umeambiwa wazo, tena wazo la miaka mitano, na limekutoa usingizini mwezi mzima. Nahisi hilo lenyewe linakutia aibu kidogo, ndiyo maana umemwandikia mtu usiyemjua badala ya kumweleza kaka yako. Usione aibu. Katika kazi hii ya ushauri nasaha nimeketi na wanaume wengi wenye wivu, na walio wengi hawaji na fumanizi. Wanakuja na picha.

Na wewe umetumia neno hilohilo: sinema. Kwa hiyo tuizungumze filamu, kwa sababu rafiki zako wameielewa kichwa chini miguu juu.

Kubrick, mwongozaji wake, aliifanya akiwa mzee, na ndiyo ya mwisho kwake. Alikuwa akiizungukia hadithi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliitoa kwenye riwaya fupi ya Arthur Schnitzler iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1926, inayotokea Vienna, akaihamishia New York. Schnitzler alikuwa daktari kabla hajawa mwandishi, na Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, aliwahi kumwandikia barua mwaka 1922 akikiri kwamba mambo ambayo yeye Freud aliyachimbua kwa jasho kutoka kwa watu wengine, mwenzake aliyajua kwa kuhisi tu. Upigaji picha ulianza Novemba 1996, ukachukua zaidi ya miezi kumi na mitano, hadi ukaingizwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mitaa ya New York unayoiona humo ilijengwa Uingereza, kwa kuwa mzee hakutaka kupanda ndege. Alifariki usingizini tarehe 7 Machi 1999, akiwa na miaka 70, siku chache baada ya kuwaonyesha filamu waigizaji wake wakuu na wakubwa wa kampuni. (Hizo habari za kwamba aliuawa kwa kufichua siri, waachie wanaozipenda. Ulikuwa moyo.) Sidhani mtu hubeba hadithi karibu miaka thelathini ili aje kusema tu kwamba wanawake si waaminifu. Hilo hata vijiweni linasemwa bure.

Waambie rafiki zako wahesabu. Filamu ina saa mbili na dakika 39. Je, ni mara ngapi Bill, yule mume, au Alice, mkewe, anazini? Hakuna hata mara moja. Alice anacheza dansi na bwana mmoja wa Hungaria anayemsumbua kwa maneno matamu, mwishowe anamkatalia. Bill anazunguka usiku kucha: binti wa mgonjwa aliyekufa anamwambia anampenda, anaingia kwa mwanamke wa mtaani, anakodi joho na barakoa, anajipenyeza kwenye jumba la matajiri wanaofanya uchafu wao nyuso zimefunikwa. Kila mahali anakatizwa. Kwa yule mwanamke wa mtaani anayemkatiza ni mkewe mwenyewe, amepiga simu kuuliza atarudi saa ngapi, na kesho yake Bill anapata habari kwamba yule dada amekutwa na virusi vya UKIMWI. Ndoa ile karibu iteketee, na uzinzi wenyewe haukuwahi kutokea popote ila kichwani.

Sasa kumbuka alichosema Alice hasa. Walikuwa likizo, hotelini, ofisa wa majini akapita, akamtupia jicho. Basi. Hawakusalimiana. Yeye akakaa na wazo hilo, akaona kwamba lau angeitwa angeacha kila kitu, mume, binti yao, maisha yote. Na katika sentensi hizohizo anasema kwamba wakati uleule mumewe alikuwa kipenzi chake kuliko siku nyingine yoyote. Wanaume wengi hawaisikii sehemu hiyo, masikio yameshazibwa na ya kwanza. Kisha anasema kesho yake alishikwa na hofu, hakujua anaogopa kwamba yule mtu ameondoka au anaogopa kwamba bado yupo, na ilipofika jioni akabaini ameondoka, akashusha pumzi.

Bill anaondoka nyumbani usiku ule, na ndani ya teksi anaanza kuona picha: mkewe na yule ofisa, rangi imefifia, kama filamu ya zamani. Zinamrudia mara kadhaa, na kila zikirudi zimesogea mbele kuliko mara iliyopita. Tazama vizuri, kaka. Mambo yale Alice hakuyasema. Alisema aliangaliwa. Mikono, kitanda, nguo kuvuliwa, vyote ameviongeza Bill mwenyewe. Ameandika muswada, amechagua waigizaji, amewasha taa, na ndiye mtazamaji pekee ukumbini. Kubrick alianza maisha kama mpiga picha wa gazeti la Look akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Sishangai kwamba ni yeye aliyejua picha inavyoweza kumtawala mtu.

Mkufunzi wako wa Morogoro ana urefu gani? Anavaa nini? Sina shaka unaweza kunijibu, na hujawahi kumwona.

Hivi ndivyo wivu unavyofanya kazi, na ni muhimu uelewe ufundi wake, kwa sababu karibu kila unachofanya ili upone ndicho kinachoulisha. Picha ikikujia, mwili unaipokea kama jambo linalotokea sasa hivi: moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, usingizi unakatika. Mwili uliochachamaa unataka uhakika, basi unamuuliza mkeo. Anajibu, unatulia, labda nusu saa, labda hadi asubuhi. Utulivu huo ndio mtego. Akili imejifunza kwamba kuuliza kunaleta nafuu, kwa hiyo wasiwasi ukirudi itadai swali jingine, na kwa sababu majibu ya jana yameshazoeleka, swali la leo lazima liwe la ndani zaidi. Alikaa upande gani? Alivaa gauni gani siku ile? Naye maskini, akitafuta kukuridhisha, anakupa kipande kipya, na usiku wa kesho kipande hicho kimo ndani ya picha. Wewe unajiona mpelelezi. Mimi naona mtu anayepeleka mafuta shambani kunakowaka.

Simu ni hivyohivyo, tena wewe mwenyewe umeligusa bila kujua. Ungekuta kitu, angekuwa na hatia. Hukukuta, basi lazima amefuta. Niambie, simu ya mkeo ingekuwaje ndipo uamini? Haipo ya namna hiyo. Upekuzi ambao jibu lake ni moja tu hauna kazi.

Kujilazimisha kusahau nako hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wakae dakika chache wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Zaidi ya hapo, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajia kwa wingi kuliko kwa wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo sikuambii "usimfikirie". Nakuambia picha ikija usiifukuze wala usibishane nayo. Itaje jina moyoni, "hii ni ile picha", iache ikae pembeni kama redio ya jirani, uendelee na ulichokuwa unafanya. Ikikushika kitandani, inuka, keti sebuleni, usiwashe simu, rudi ukishasinzia. Na kama umeanza kunywa ili ulale, acha. Pombe inakupa saa mbili za usingizi na inakuamsha saa tisa usiku ukiwa na picha na hasira pamoja.

Turudi kwenye sentensi yako.

Alice hakuropoka tu. Kabla ya kusimulia alimuuliza mumewe kwa nini hajawahi kumwonea wivu. Bill akajibu kwamba ni kwa sababu yeye ni mkewe, ni mama wa mtoto wake, na anajua hawezi kumsaliti. Muda mfupi kabla alikuwa amesema wanawake hawawazi namna hiyo. Alice akaangua kicheko hadi akaanguka chini, kisha akaketi akamwambia habari za ofisa. Bill aliona amempa mkewe sifa. Mkewe alisikia kwamba ni fanicha: ipo, ni imara, haina matamanio, hakuna atakayeihamisha. Nawe ulisema nini? "Wewe huwezi." Ulicheka, na akanyamaza. Ukimya ule ungeusikia mapema, pengine mwezi huu ungekwenda vingine. Sisemi alifanya vema kukuambia jinsi alivyokuambia, kuna njia laini zaidi, na inawezekana alitaka kukuchoma kidogo. Ila mwanamke mwenye jambo la kuficha hapati faida yoyote kuliweka mezani miaka mitano baadaye, wakati mume ameshajitangaza kwamba hana wasi. Nadhani alikuwa anakuambia: na mimi ni mtu, nitazame.

Umeuliza kama hiyo si zinaa. Mimi si sheikh wala mchungaji, na kama swali hilo ni la imani, mpelekee anayestahili. Naongeza mawili tu. Aya ya Mathayo ambayo nadhani unaifikiria inamzungumzia mwanamume atazamaye mwanamke kwa kumtamani, kwa hiyo kabla ya kumsomea mkeo, jisomee kwanza. Na Waislamu wana hadithi inayosema Mwenyezi Mungu ameusamehe umma yale ambayo nafsi zinanong'ona, maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Kwa upande wangu wa kazi, mtu kuvutwa na mtu mwingine akiwa ndani ya ndoa ni jambo la kawaida kiasi kwamba anayenishangaza ni yule anayeapa halijamtokea kamwe. Kinachopima uaminifu ni alichofanya na mvuto huo. Mkeo alimaliza semina, akapanda basi, akarudi kwako.

Hapa nawe utaniuliza: je, kama amenificha mengine? Sitakudanganya. Watu hukiri nusu wakati mwingine, na mimi siwezi kuona ndani ya mtu nisiyemjua. Lakini tenganisha picha na dalili. Dalili ni mambo ya leo, yanayoonekana hata na mtu asiye na wivu: safari zisizoeleweka, fedha zinazopotea, ubaridi ulioanza ghafla, uongo ulioushika mkononi. Hujaandika hata moja. Ukiwa nayo, usiendelee na maswali ya usiku. Kaeni mara moja, mchana, mbele ya mshauri, liulizwe lijibiwe, na mkapime afya wote wawili. Ukiwa huna, basi mtuhumiwa uliyenaye ni wa kwenye sinema.

Sasa yule dada uliyesoma naye. Hilo, kaka, si wazo. Hilo ni tendo, na limeanza. Unamshtaki mkeo kwa ambalo angelifanya, na wewe unalifanya. Bill naye alitoka usiku ule kwenda kulipa kisasi, na akarudi nyumbani na hofu, siri, na deni la maelezo. Yule dada pia ni mtu, anadhani anazungumza na mwanamume anayempenda, kumbe ni fimbo ya kumchapia mwingine. Mwandikie leo, kwa heshima, kwamba huwezi kuendelea, kisha uache. Je, umwambie mkeo? Washauri tunatofautiana. Mimi naona umwambie, kwa kifupi, bila kumlaumu kwamba ndiye aliyekusukuma, maana akiikuta mwenyewe kwenye simu yako, mtabadilishana viti na wewe ndiye utakayeulizwa usiku. Ila usimwambie wakati wa ugomvi, na usilifanye silaha. Mwishoni mwa filamu Bill anakuta barakoa yake imelazwa kwenye mto pembeni ya mkewe aliyelala, anavunjika, analia, anasema atamweleza yote. Kinachofuata ni uso wa Alice asubuhi, macho mekundu. Kukiri hakukumaliza kitu papo hapo. Kuliwawezesha tu kutoka pamoja kumpeleka mtoto dukani.

Kuhusu kuachana au kulala vyumba tofauti: kutengana kwa usiku mmoja au mbili ili mpumzike si dhambi, lakini kutengana kama adhabu kutampa yule mkufunzi chumba kizima ndani ya nyumba yenu. Na kukimbilia kwa wazee wa pande zote mbili nakushauri usubiri. Hata baraza la usuluhishi wa ndoa, lililowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kazi yake ni ndoa zenye mgogoro, na sijui katibu angeandika nini kwenye fomu: mlalamikiwa aliwaza? Jambo lenu likishafika kwa mashemeji halirudi ndani.

Badala yake wekeni utaratibu. Maswali yote yanayokujia usiku yaandike kwenye daftari, usimuulize. Mara moja kwa wiki, nusu saa, mchana, watoto wakiwa nje, chagua yale ambayo bado yana maana. Utashangaa mengi utakavyoyaonea haya ukiyasoma kwenye mwanga wa jua. Yanayohusu maelezo ya mwili, nguo na mahali, yafute kabisa, hayo ni chakula cha picha. Simu yake usiiguse tena, na mwambie kwamba uliipekua.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa umewahi kumpiga, kumsukuma, kumfungia mlango, au umejikuta unapanga kumdhuru yeye, mkufunzi au nafsi yako, usisubiri wiki iishe, nenda hospitali leo na mwache yeye akae mahali salama. Naye anayo haki ya kwenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na usimzuie. Ikiwa umeanza kumfuatilia kazini, kunusa nguo zake, kuona ishara kwenye vitu vidogo kama jinsi alivyoweka viatu, au imani yako haitikisiki hata ukionyeshwa ushahidi wa wazi, hiyo si tabia tena, ni maradhi yanayojulikana. Madaktari wameyapa jina la Othello, yule mume mwenye wivu katika tamthilia ya Shakespeare, na yana tiba. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na Muhimbili ipo. Ikiwa hujalala vizuri kwa wiki kadhaa na kazi inaharibika, nenda hata kama mengine yote huna. Na kama mtashindwa kuzungumza bila kupandisha sauti, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au mshauri wa ndoa, mwende wawili. Ukienda peke yako utarudi na hukumu, na mkeo atajua.

Umeniuliza ufanye nini, na nimekupa mengi. Kama utafanya moja tu wiki hii, liwe hili. Chagua siku ametulia, umwombe radhi kwa ile "wewe huwezi", kwa maneno hayohayo uliyotumia. Halafu muulize swali ambalo katika maswali yote ya mwezi huu sijaliona kwenye barua yako: mwaka ule wa Morogoro, yeye alikuwa anapitia nini, na wewe ulikuwa wapi. Ukishauliza, usimkatize hata akigusa pabaya. Chai ikipoa, mtachemsha nyingine.